Askari Aliyechelewa Ujima

Jamani, leo nusura tubebeshwe mizigo hadi Kisaki!

Tulikuwa kwenye ujima huku mlimani, tunamlimia bure Bibi Mwanahawa, mjane asiyeona vizuri.

Mara huyo, askari wa Mjerumani, kiboko mkononi, anatafuta wapagazi.

"Nani kawaamuru kulima hapa?"

Hakuna aliyetuamuru!

Bibi akasikia sauti, akadhani ni jirani. Akamtia jembe mkononi.

"Umechelewa, baba. Wenzio wapo tangu alfajiri. Maliza tuta hili ndipo unywe togwa."

Mimi nilifumba macho.

Nafumbua, askari analima!

Akamaliza tuta, akanywa togwa, akashuka mlima peke yake. Tukapumua.

Sasa Bibi anasema, "Yule aliyelima ovyo, mwambieni kesho awahi."

Haya, ndugu zangu, nani anakwenda kumwambia?