Samaki wa Shangazi

Sebule ya shangazi yangu pale Nyahanga, mjini Kahama, ilinuka maji yaliyolala. Harufu ile ilitoka kwenye tangi la kioo kando ya televisheni, na mpaka leo nikiikuta mahali popote, hasira hunipanda kabla sijakumbuka kwa nini. Nililetwa kwake kutoka kwetu Mhunze nikiwa darasa la tano, nisome shule ya mjini. Shangazi, dada mkubwa wa baba, hakunipenda wala hakujisumbua kuficha. Aliwapenda samaki wake wa mapambo, vidude vyenye mikia kama kanga iliyotandazwa, ambao hawatagi mayai bali huzaa watoto hai. Kazi ya kuwalisha ilikuwa yangu. Lawama pia.

Kiangazi kile alileta samaki watatu kutoka kwa rafiki yake, akawamwaga tangini papo hapo. Wiki haikuisha, samaki wote wa tangini wakatoka vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, wakawa wanajisugua kwenye mawe, mapezi wameyabana. Wawili wakafa.

"Minza, mkono wako una mkosi," shangazi aliniambia. "Wakiisha hawa, na wewe unarudi kwenu."

"Shangazi, ugonjwa umekuja na wale wapya."

Alinijibu kwa kofi.

Nilikwenda kwa mama mmoja aliyeuza samaki wa mapambo sokoni, nikamwamkia, nikamweleza. Alinifundisha kutia chumvi ya mawe kidogo kidogo, na kubadilisha sehemu tu ya maji, tena yaliyokwisha kulala kwenye ndoo ili dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba itoke. Nilifuata yote. Jike mmoja alikuwa na tumbo limejaa, nikamtenga kwenye beseni. Alipozaa nilimwondoa haraka, maana samaki hawa huwala watoto wao. Vifaranga kumi na saba, macho na mkia tu. Niliwalisha vumbi la kiini cha yai la kuchemsha, nikiwaambia kwa Kisukuma maneno ya upole ambayo mimi mwenyewe sikuambiwa katika nyumba ile.

Madoa yakaisha. Jumapili wakaja wageni kutoka kanisani, na shangazi akawaeleza jinsi alivyowatibu samaki kwa mkono wake. Kisha akainua beseni langu la vifaranga, akamgeukia mmoja wao.

"Mama Doto, chukua hawa ukafuge."

"Ni wangu, shangazi. Mimi ndiye niliyewatibu wote."

Shangazi akalitua beseni. "Unanijibu mbele ya wageni?"

Kesho yake nilikuwa kwenye basi la Mhunze. Shule ya mjini ikaishia hapo.

Leo naishi Kahama hiyo hiyo na nina tangi langu. Binti yangu akiona doa kwenye samaki hutafuta tiba kwenye simu, na akiniambia nimekosea, namsikiliza. Shangazi amezeeka. Huja, nampa shikamoo, anaitikia marahaba, anakunywa chai, halafu anawaambia wanangu kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kufuga samaki. Mwezi uliopita aliniomba vifaranga wachache aanze upya. Nilimwambia sina, na tangi limejaa mbele ya macho yake. Aliliangalia, akaniangalia. Sikushusha macho.