Fundi Aliyekataa Kuniuzia Prosesa

Jamani, leo fundi amekataa kuniuzia prosesa!

Kompyuta yangu ilikuwa inaganda wiki nzima. Video ya kwaya ya kijiji cha Mbebe, video yao ya kwanza kabisa niliyokuwa nawahariria, ikagoma kutoka. Asubuhi nikasema basi, leo nabadilisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta.

Nikabeba kompyuta mpaka kwa dada Tusekile, fundi wa hapa Tunduma. Nikaanza kumfundisha kazi mbele ya wateja wake.

"Prosesa imechoka, dada. Niwekee mpya."

Akafungua, akanitazama.

"Kaka, hii umewahi kuisafisha?"

Nikainama kuchungulia ndani. 😅

Feni ilikuwa imeziba kwa vumbi la barabara ya malori. Wateja wakacheka, nami nikacheka kwa aibu.

Akaisafisha, akawasha.

"Prosesa yako ni nzima, ilikuwa inazidiwa na joto tu. Sikuuzii mpya, subiri kwanza. Kazi zikiwa kubwa zaidi, njoo tubadilishe."

Na video imetoka! Nimeituma mchana huu. Mwalimu wa kwaya kanijibu kwa ujumbe wa sauti: vigelegele vitupu, na mama mmoja anauliza, "Kumbe tunaimba vizuri hivi?"

Nimeusikiliza mara nne.

Nyie mngesubiri, au mngenunua tu? Semeni ukweli.