Msiba Niliouhudhuria Baa

Nilirudi Unguja katikati ya miaka ya hamsini, baada ya miaka miwili melini, na kabla sijamaliza kugawa zawadi habari zangu zilikuwa zimeshanitangulia. Baharia mmoja wa mtaa wetu wa Malindi, aliyerudi kabla yangu, aliwaambia watu wa barazani kwamba aliniona kwa macho yake nikiingia baa ya Waairishi mjini New York. Hakusema uongo. Niliingia.

Mjomba wangu, ndiye aliyenilea baada ya baba kufa, aliniita baada ya sala ya alasiri, mbele ya wanaume waliokaa barazani kwake. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa ufupi. Akasema anaujua ujana, anaijua bahari, na haulizi mengi; nitamke tu mbele ya watu kwamba nimetubu, ili baba wa binti niliyekuwa nimeposewa asipate sababu ya kurudi nyuma.

"Mjomba, ntatubia kosa nililolifanya," nilimwambia. "Hili sikulifanya."

Akaniuliza kama niliingia au sikuingia. Nikamwambia niliingia, na nikaomba anisikilize mpaka mwisho.

Melini nilikuwa nikitia mafuta kwenye mashine, chini ya fundi mmoja Mwairishi, mtu wa makamo, aliyenifundisha kazi na hakuwahi hata siku moja kunitukana. Tulipofunga gati New York alikuta barua inamngojea: mama yake amekufa, na ameshazikwa wiki tatu. Fundi alikuwa hajafika kwao miaka tisa. Mchana ule akaniambia anataka kutafuta baa ya kwao, baa ya kweli, ambamo atamkuta mtu wa kumwambia kwa lugha ya nyumbani kuwa mama amefariki. Wenzetu wengine, alisema, watamlewesha tu. Mimi sinywi, nitamrudisha melini.

Baa ya kwanza ilipakwa kijani mpaka viti, na wahudumu wamevishwa kofia za kijani. Mwenye baa alikuwa hajapata kuiona Ayalandi, na aliniambia nisubiri nje. Fundi akageuka, akatoka nami. Ya pili walituacha tuingie, lakini fundi alisimama hatua mbili tu kutoka mlangoni, akaisikiliza santuri iliyokuwa ikiimba, kisha akasema hapa wanauza jina la Ayalandi kwa watu ambao hawajapata kuishi huko.

Ya tatu haikuwa na kibao. Ilibanana na ghala moja karibu na gati, kuta zake zimeiva moshi wa tumbaku. Nyuma ya kaunta bibi mmoja mzee alikuwa akimenya viazi. Fundi akamsemesha maneno ambayo hayakuwa Kiingereza. Bibi akaweka kisu chini, akamjibu kwa maneno ya lugha ile ile, na mtu mzima yule, niliyepata kumwona akiungua mkono kwa chuma cha moto asikunje uso, akalia.

Bibi akamkalisha. Wachukuzi wa gatini waliokuwamo wakaja mmoja mmoja kumpa mkono, wamevua kofia, kama tunavyopeana mkono wa taazia sisi. Mimi nikakaa ubavuni kwake. Bibi akaniuliza nitakunywa nini. Nikasema chai, akaniletea chai nzito ya maziwa. Ndipo mtu mmoja aliyekaa peke yake pembeni akaniambia niondoke, hapa si mahali pa watu wa rangi yangu.

Nilimjibu kwa Kiingereza changu cha melini:

"Nimekuja msibani. Kwetu mtu hafukuzwi msibani."

Bibi akamwambia yule mtu kwamba anayeona dhiki kukaa na mimi, mlango uko wazi. Akabaki kitini kwake. Nikaimaliza chai yangu taratibu, nikaomba ya pili, ingawa sikuwa na hamu nayo.

Nilipofika hapo mjomba akasema msiba una nyumba yake, na baa si nyumba ya msiba. Nikamjibu kuwa fundi hakuwa na nyumba New York. Akasema basi nitubu kwa kuingia tu, hata kama sikunywa. Neno moja, jambo liishe.

"Siwezi, Mjomba. Yakitokea tena kesho, ntaingia tena."

Akainuka, akaingia ndani.

Posa ilivunjika wiki ile. Sitasema sikuumia. Binti yule nilikuwa nikimtaka, na mama yangu alinilaumu siku nyingi, akinisihi niende nikaliseme neno lile moja. Sikwenda kulisema. Nilikwenda barazani kila alasiri, nikakaa mahali pangu. Mwanzo walikuwa wakijisogeza kama ninanuka. Yule baharia akiniona hutazama viatu vyake, nami kila siku nilimtaja kwa jina na kumuuliza hali yake, kwa sauti ya kusikika. Sikutaka mtu apate raha ya kusema nimekimbia.

Ikapita miezi mingi hivyo. Ijumaa moja, tulipotoka msikitini, nilimkuta mjomba amesimama ananingoja. Tukafuatana. Mbele kidogo akaniuliza, bila ya kunitazama, kama yule fundi aliwahi kufika kwenye kaburi la mama yake. Nikamwambia sijui; alishuka Liverpool, na hatukuonana tena.

"Mungu amfikishe," alisema.

Tulipofika mlangoni kwake akaniambia niingie, chakula kipo. Toba hakuniomba tena, nami sikuitoa.