Fundi Anayepiga Makofi

Fundi wa sauti tunayemwita kutoka mtaa wa Muaither hagusi kitufe chochote kabla ya kupiga makofi. Hupiga mara moja katikati ya chumba, akatulia, akasikiliza kuta zinamjibu nini. Kisha huhamia kona na kupiga tena. Viganja vyake ni vipana, vina makovu ya kuchomelea nyaya, na anapoongea hushusha sauti kana kwamba chumba kimelala. Halafu husogeza spika upana wa vidole viwili, akatundika blanketi nyuma ya pazia, na besi iliyokuwa ikivuma kama jenereta inatulia.

Ijumaa moja nilimpeleka mji wa Umm Salal, nyumbani kwa mzee ambaye mimi ni dereva wake. Mafundi wa dukani walishapima majlisi yake, sebule ya wageni, kwa kompyuta mara mbili, na bado mzee alikuwa ameanza kuuacha muziki wake wa udi, ile ala ya nyuzi. Tuliikuta maikrofoni yao ya kupimia ingali kwenye stendi, usawa wa kochi. Fundi akamuuliza Warda, mpishi wa nyumba, "Dada, baba huketi wapi hasa?"

"Hapa chini, kwenye mto. Na hugeuza kichwa hivi, sikio la kushoto limechoka."

Fundi akaketi palepale chini, akaishusha maikrofoni hadi usawa wa sikio lake, akapima upya. Spika ya kushoto akaiongeza sauti kidogo kidogo. Mzee akaingia, akaegemea mto wake. Udi ukaanza. Nikasubiri ageuze kichwa.

Hakugeuza.