Jino la Auleria

Kule Mbuba, mwanamke akinunua chungu hatafuti ufa kwanza. Anatazama shingoni. Akiona mistari mitano minene, anajua hicho ni cha Auleria, maharage yatachemka mpaka yaive na chungu hakitapasuka. "Hiki kina meno," wanasema, wala hawabishani bei.

Mistari hiyo Auleria aliipiga kwa jiwe. Alilichimbua mwenyewe bondeni, mwaka ule alipomzika mumewe, akitafuta udongo wa kufinyangia. Jembe likagonga, kah! Akatoa kitu kizito kama tofali, rangi ya kahawa, upande mmoja matuta matuta. Wenzake wakamwambia akitupe, ni cha mizimu. Akawajibu, "Mizimu ikikitaka, kwangu inapajua." Miaka ishirini na sita jiwe hilo lililala kapuni mwake, na lilitoka kwa kazi tu.

Sasa msikie Emilian. Huyu ni mtoto wa shemeji yake, mtu mzima wa suruali ya kupiga pasi. Alikuja na maneno ya asali. "Mama mkubwa, mjini kuna mtaalamu wa mawe ya kale. Niazime wiki moja tu."

Akampa. Ndugu ni ndugu. Wiki ikawa miezi minne. Kiangazi kikafika, wakati wa kuchoma vyungu, na Auleria akapiga shingo kwa gunzi la mahindi kama mwanafunzi. Sokoni, Suzana, mteja wake wa zamani, akageuza chungu mara mbili, akakirudisha chini.

"Hiki si chako, Auleria. Usinidanganye, mimi ni mtu mzima."

Kuitwa mwongo kwa chungu alichofinyanga kwa mikono yake! Usiku ule hakula. Asubuhi alipanda bodaboda mpaka Ngara mjini, mapajani chungu cha zamani chenye meno, na bonge la udongo mbichi ndani ya jani la mgomba.

Mtaalamu aliitwa Fideli, kijana wa miwani. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jiwe langu liko wapi?"

Lilikuwa mezani, limeoshwa, na karatasi pembeni. "Si jiwe, bibi. Ni jino. Mnyama wa zamani sana, ukoo mmoja na tembo. Alikufa kabla watu hawajakuwapo."

"Kumbe aliniachia mimi. Soma karatasi."

"Limeokotwa na Bwana Emilian, akilima mihogo."

"Akilima! Huyo hajashika jembe tangu apate kipaimara!"

Fideli akakohoa. "Bibi, sisemi unadanganya. Lakini ushahidi?"

Auleria alifungua jani, akashika jino, akalikandamiza kwenye udongo kwa uzito wake wote. Akaweka chungu cha zamani kando yake. Matuta matano huku, matano kule. "Tuta la tatu limemeguka ukingoni. Tazama chungu. Limemeguka, halikumeguka?"

Fideli aliinama, akapitisha kidole. Kisha akampigia simu Emilian, akaweka sauti ya wazi.

"Mama mkubwa," Emilian akasema, "si karatasi tu?"

"Kama ni karatasi tu, ungeandika jina la mbwa wako!"

Karatasi ikachanwa. Fideli akaandika nyingine, na Auleria akasimama begani pake mpaka herufi ya mwisho. Kusoma hajui sana, lakini jina lake analijua kama anavyojua mlango wake.

"Ila jino, bibi, haliwezi kurudi nyumbani. Kwa sheria ni mali ya taifa."

"Basi taifa lije lifinyange." Akatazama bonge lenye alama. "Na udongo huu? Nao wa taifa?"

"Hapana, bibi. Huo ni wako."

Akaufunga upya, taratibu kama anayemfunga mtoto mgongoni. Nyumbani aliukausha kivulini siku kumi na mbili, akauchoma pamoja na vyungu. Ukatoka mgumu, mwekundu. Alipoukandamiza kwenye shingo ya chungu kibichi, mistari haikuingia ndani kama zamani. Ilitokeza nje, mitano, na wa tatu umemeguka.

Suzana alikipapasa chungu sokoni, akashtuka. "Auleria! Safari hii meno yameota!"

"Yameota kwa hasira," Auleria akasema, wala hakucheka.

Krismasi Emilian akaja na soda mkononi, eti mkewe anataka chungu. Auleria alimpa kile cha gunzi.

"Mama mkubwa, nilitaka chenye meno."

"Chenye meno kitakuuma."