Jumapili Niliyomwonea Riziki Wivu

Kuna harufu moja ya kitakasa mikono, ile ya rahisi inayochoma pua kama spiriti ya hospitali. Nikikutana nayo popote huona aibu kabla hata sijakumbuka kwa nini. Kisha nakumbuka. Namwona mhudumu wa makumbusho mlangoni akitumiminia viganjani, kwangu tone moja, kwa Riziki mawili. Nawaambieni hivi ili mjue hali yangu ilivyokuwa: nilikuwa nahesabu hata matone.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikaa Blacktown, huku Australia, mimi, Mama na Baba, katika fleti ambayo majira ya baridi ilikuwa ya baridi kuliko nje. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa korona. Mama Riziki, rafiki wa Mama tangu enzi za kambini Tanzania, alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Virusi vilipoingia huko aliogopa kuvipeleka nyumbani kwa mwanawe, akamleta kwetu na begi moja na mto wake.

"Wiki mbili tu, dada," alimwambia Mama, akiwa amesimama chini ya ngazi bila kusogea karibu.

Riziki alikuwa rika langu. Wao walikuwa na miaka miwili tu tangu wafike Australia. Mimi nilizaliwa hapahapa. Alipewa kitanda changu, nikashuka kwenye godoro la chini. Alipewa koti langu jekundu kwa sababu lake lilikuwa jepesi, nami nikavaa la mwaka uliotangulia, ambalo mikono yake iliishia katikati ya yangu. Mama alimwita mwanangu mzuri na kumuuliza kama ameshiba. Mimi nilikuwa Aline toa vyombo, Aline usiburute miguu.

Likizo ya mwezi wa saba ilipofika, makumbusho ya watoto mjini yalifunguliwa tena. Kuingia kulikuwa bure, mradi ujiandikishe mapema mtandaoni na upangiwe saa yako. Mama alichagua Jumapili, siku ambayo nauli ya treni ni nafuu, na kanisa lenyewe tulikuwa tukilitazama kwenye simu. Safari hiyo nilikuwa nikiisubiri tangu mwezi wa tatu, ilipofutwa, na walipokea watoto mpaka miaka kumi na miwili tu, kwa hiyo sikuwa na mwaka mwingine. Ilikuwa iwe yangu na Mama, sisi wawili. Sasa tulikuwa watatu, na chapati zilizoviringishiwa mayai, na chupa ya chai ya maziwa, kwa sababu Mama alisema mkahawa wa kule wanauza keki kwa bei ya viatu.

Ndani ya treni viti vilibandikwa alama za kijani kuonyesha pa kukaa, basi tukakaa mbalimbali. Mama alichagua kiti cha kumtazama Riziki. Mimi niliona kisogo cha Mama.

Makumbusho yale yalikuwa na sifa moja: mtoto aliruhusiwa kugusa kila kitu. Mwaka huo hukuruhusiwa kugusa chochote. Meza ya maji ilikuwa imekaushwa, matofali ya kujengea yamezungushiwa utepe, na lile sanduku la kutia mkono ukabahatisha kilichomo limezibwa kwa ubao. Tulizunguka mikono mifukoni kama wakaguzi wa serikali. Kilichobaki wazi kilikuwa kibanda kidogo chenye pazia na kipaza sauti kilichovikwa plastiki. Mtoto aliingia akasimulia jambo kwa lugha ya kwao, na sauti ikasikika nje kwenye spika.

Riziki aliingia kwanza. Alisimulia habari ya kuku wa bibi yake kambini, aliyetaga ndani ya kofia ya mchungaji, na mchungaji akaja akaivaa. Aliigiza mchungaji, kisha akamwigiza kuku. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Katika maisha yangu yote sikuwa nimemchekesha hivyo. Akatoa simu, akarekodi.

Ikawa zamu yangu. Kiswahili nilikisikia vizuri, lakini Mama akiniuliza jambo nilizoea kujibu kwa Kiingereza. "Jina yangu ni Aline," nilisema. "Mimi napenda..." Nikakwama hapo, nikisikia pumzi zangu zinavuma kwenye spika. Nikatoka.

"Umejaribu," Mama alisema, huku akiendelea kutazama simu.

Tulikula chapati nje, kwenye jua lisilo na joto. Simu ya Mama ikalia, akaenda kuipokea kando. Nikamgeukia Riziki, nikamwambia kwa Kiingereza, polepole, ili asikose hata neno moja: "Mama yako atakufa huko kwa wazee wake. Ndiyo maana mama yangu anajifanya anakupenda."

Hakulia. Aliifunga chapati yake vizuri kwenye karatasi, akaiweka chini, akainuka na kuingia ndani.

Mama aliporudi uso ulikuwa umembadilika. "Riziki yuko wapi?"

"Sijui."

Mlangoni walituzuia, saa yetu ilikuwa imekwisha. Mama aliwabembeleza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga mpaka wakatupisha. Tukapita meza kavu, tukapita utepe, kisha tukasikia spika.

"Mama, mimi niko mjini," sauti ya Riziki ilikuwa ikisema. "Nimevaa koti zito. Sijamsumbua mtu. Wazee wakipona uje, nitakuonyesha njia."

Mama alisimama nje ya pazia, hakulifungua mpaka sauti ilipokoma. Alimkumbatia, akamuuliza kuna nini. Riziki alinitazama.

"Nilitaka kusimulia tena," alijibu.

Mama akamwambia pole, akammiminia chai. Mimi nilishikwa sikio, nikagombezwa mpaka stesheni kwa kutomwangalia mwenzangu. Nyumbani ndipo nilipojua habari ya ile simu: Mama Riziki alikuwa amelazwa, anapumulia mashine.

Alipona, ingawa wiki mbili ziligeuka miezi miwili. Miezi hiyo nilijibu kwa Kiswahili kila nilipoulizwa, kibovu hivyohivyo, nikidhani nafanya malipo.

Mwaka jana nilimsaidia Riziki kuhamia chumba cha kupanga huko Kensington, karibu na chuo anakosoma. Tukiwa tumekaa sakafuni katikati ya maboksi, hatimaye nilimwomba radhi.

"Nakumbuka," alisema. "Siku hiyo nilikuonea wivu sana."

"Wivu? Wa nini?"

"Nilipotea mimi, ukagombezwa wewe. Nilikaa kwenu miezi miwili, mama yako hakunigombeza hata mara moja. Nikawa naomba moyoni anipigie kelele, walau mara moja, nijue niko nyumbani."

Hapo nikaelewa kwamba Mama alimbembeleza Riziki kwa hofu, siku baada ya siku, kama mtu aliyebeba kitu cha mwenzake asichojua kama atakirudisha kizima. Kwangu hakuwa na hofu hiyo. Nilitaka kumwambia Riziki hayo, lakini alikuwa ameshainuka kufungua dirisha, na nadhani alikuwa ameyajua kabla yangu kwa miaka mingi.