Udongo wa Nyuma ya Kanisa

Kanisa lile la zamani, upande wa Nyansiongo, lilijengwa na masetla wa Kizungu kwa ajili ya sala zao wenyewe. Walipoondoka, Wakatoliki wa pale wakaliingia. Baadaye nao wakajenga jingine kubwa kando ya lami, wakaliacha hili lijifie polepole. Mwaka huu zikaja habari kwamba litabomolewa. Mama yangu, ambaye hajawahi kuniomba nimpeleke popote isipokuwa hospitali, akaniambia nimpeleke kabla hawajalifikia.

Mimi ni kitinda mimba wake, na ndimi niliyebaki na boma la marehemu baba. Nilidhani anataka kupaona mahali alipobatizwa. Wazee na kumbukumbu zao, nikajisemea, nikavaa gambuti.

Mlango haukuwepo. Walioung'oa waliondoka na fremu yake pia. Ndani lilikuwa limesalia benchi moja, nalo mchwa walikuwa wamelila likabaki ganda. Beseni la ubatizo lilijaa magunzi ya mahindi. Popo walikuwa wameuchafua ukuta wa altare kutoka juu hadi chini, na sakafu ilinuka mikojo ya mbuzi. Mimi ni Msabato, mke wangu ndiye aliyenivuta huko, lakini nilikasirika kuona nyumba ya Mungu, hata kama si ya kwetu, imegeuzwa zizi. Nikaanza kugomba peke yangu.

Mama hakugomba. Aliketi kwenye ngazi ya altare, akanyoosha miguu, akaniambia nikae. Kisha akaanza kunieleza, kwa Kikisii cha sauti ya chini, jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu.

Kabla ya kuolewa na baba yangu alizaa mtoto wa kike, na mtoto huyo akafa kabla ya kumaliza mwezi. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, na nyumbani kwa mtoto ni kwa baba yake. Aliyempa mama mimba alikana. Basi mama akamwomba baba yake mzazi, yaani babu yangu, ampe kipande chochote, hata kule nje ya ua nyuma ya migomba. Babu akasema shambani mwake hatazikwa mtoto wa watu. Katekista ndiye aliyemwonea huruma, akamchimbia nyuma ya ukuta wa altare, watu walipokwisha kwenda zao.

"Wakileta matingatinga watamfukua kama viazi," mama alisema. "Nataka nimpeleke nyumbani. Hata kama ni udongo tu. Na mwenye shamba sasa ni wewe."

Mimi nilipewa jina la babu huyo, na kwa sababu hiyo mama huniita Baba tangu nizaliwe. Nililibeba jina hilo kwa majivuno, maana niliambiwa alikuwa mtu wa haki. Sasa nikamchukia papo hapo, mtu ambaye sikuwahi hata kumwona. Nikawafikiria pia kaka zangu na wazee wa ukoo, na kelele watakazopiga wakisikia mtoto asiye wa baba yetu amezikwa kwa baba yetu.

"Baba," mama akasema, "unakubali?"

Alinitazama usoni, na sikujua anayeulizwa ni mimi au ni yule mzee.

"Nimekubali," nikamjibu. "Atalala kwetu. Wa kukasirika akasirike."

Mama alilia kidogo, akajifuta kwa leso, akataka kuinuliwa. Tulizunguka nyuma ya kanisa, mimi nikiwa na jembe na gunia jipya.

Palikuwa na shimo. Shimo pana, refu kunipita, limeota nyasi hadi chini, na ukuta wa altare umesimama ukingoni kabisa. Pembeni palikuwa na majivu ya zamani na vipande vya matofali yaliyoungua. Mama alishika mkono wangu kwa nguvu.

Mwanamke mmoja alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikamuuliza nani alichimba hapo.

"Ni vijana walikuwa wanafyatua matofali," akasema. "Miaka mingi sasa. Udongo ya hapa ni mzuri, haipasuki kwa moto. Hizi nyumba zote unaona ng'ambo, zilitoka hapa. Hata jikoni yangu."

Aliyasema kwa furaha, kama mtu anayesifu shamba la jirani. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama alikuwa amengoja maisha yake yote aambiwe ndiyo, na ndiyo yangu ilifika ikiwa haina kazi. Niliona uchungu hata nikashindwa kumtazama.

"Hiyo jikoni," mama akamwambia yule mwanamke, "naweza kuiona?"

Mwenyeji alishangaa, lakini mgeni hafukuzwi. Alituvusha barabara, akatupa viti, akainjika chai. Mama alisogeza kiti chake hadi ukutani. Akaweka kiganja juu ya tofali, akakihamishia kwenye jingine, na jingine tena.

"Mvua ikinyesha," akauliza, "hapa panavuja?"

"Hapana, mama. Hata tone."

"Na baridi?"

"Hapa moto hauzimiki mchana kutwa."

Mama akatikisa kichwa kukubali, akapokea chai yake kwa mkono mmoja. Ule mwingine haukutoka ukutani.